Marich si njia ya kupita tu

Mazungumzo kwa wakazi wa Kaunti ya Pokot Magharibi kuhusu utalii wa nyumbani na mila za milimani



Mazungumzo ya leo yanahusu mahali ambapo wakazi wengi wa kaunti hii wamewahi kupita, lakini wachache wamewahi kusimama. Mahali hapo ni Marich.

Barabara kuu ya A1 inatoka Kitale, inapanda hadi Makutano na Kapenguria, halafu inaanza kuteremka. Kapenguria iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko watu huvaa sweta asubuhi, na mahindi na viazi hustawi. Ukiupita msitu wa Kamatira, baridi inabaki nyuma. Ukifika Chepareria, sweta inavuliwa. Ukifika Ortum, madirisha ya matatu yanafunguliwa. Kisha milima inasogeleana, na barabara na Mto Muruny vinabanwa pamoja katika pengo jembamba. Kwa anayekwenda kaskazini, mkono wa kulia ni safu ya Cherangani, na mkono wa kushoto ni milima ya Sekerr. Pengo hilo ndilo Marich.

Ukitokea upande wa pili, nchi inafunguka ghafla. Kuna tambarare ya migunga, vichuguu virefu kuliko mtu, joto, na njia inayoelekea Kainuk na Turkana. Sigor, iliyo jirani, iko takriban mita 1,000 tu juu ya usawa wa bahari. Katika safari ya asubuhi moja, msafiri anakuwa ameshuka kilomita nzima kwenda chini, ametoka nchi ya viazi akaingia nchi ya ngamia.

Malori ya kwenda Lodwar, Kakuma, Lokichogio na Sudan Kusini hupita hapo mchana na usiku. Kuanzia mwaka 2018, hata mafuta ghafi ya Lokichar yalipita katika pengo hili yakielekea bandari ya Mombasa. Mali nyingi imepita Marich. Swali ni moja: katika hiyo yote, ni kiasi gani kinachobaki kwa mama anayeuza maembe kando ya barabara, na kwa kijana anayeijua kila njia ya mlima?

Mgeni husimama mahali penye jambo la kuona, mtu wa kumweleza na amani ya kulala. Marich ina jambo la kuona, na watu wa kueleza wapo. Kilichobaki ni kazi ya wenyeji na serikali kwa pamoja.

Mlima Mtelo

Kileleni mwa Sekerr uko Mtelo, mlima wenye zaidi ya mita 3,300. Kwa mgeni ni mlima mzuri wa kupiga picha. Kwa Mpokot ni zaidi ya hapo. Tangu zamani, wazee wanapokusanyika kuomba mvua, amani au afya ya mifugo, huelekeza nyuso zao Mtelo. Mzee mmoja hutangulia kwa maneno mafupi, na waliobaki huitikia kwa sauti moja. Katika imani ya wazee, Tororot ndiye Mungu aliye juu ya vyote, na Ilat ndiye mwenye mvua na ngurumo. Wapokot wengi leo ni Wakristo na husali kanisani kila Jumapili, lakini heshima ya Mtelo haijaondoka. Mzee anayetoka kanisani bado atakuonyesha mlima huo kwa kiganja kizima kilichofunguliwa, kwa adabu.

Kupanda Mtelo ni kazi ya siku nzima kwa mtu mwenye miguu imara, na wengi huona heri walale njiani. Njia hupita mashamba madogo yaliyokatwa kwenye mteremko, kisha msitu, kisha nyasi na mawe ya juu. Ukiwa juu siku isiyo na ukungu, unaona jinsi nchi ilivyogawanyika: kusini mashamba ya kijani, kaskazini vumbi na anga. Mlima ni mmoja, lakini hukutanisha watu wa aina mbili ambao lugha ya Kipokot inawataja wazi: pipö pagh, watu wa nafaka, wanaolima milimani, na pipö tich, watu wa ng'ombe, wanaochunga tambarare. Mkulima ana mtama na asali, na mfugaji ana maziwa na nyama. Tangu zamani wamekutana mahali kama Marich kubadilishana.

Anayetaka kupanda asianze safari kimyakimya kama anayekwenda kuiba mzinga. Kuna wazee wa kila bonde, na kuna vijana wanaojua njia. Kuomba ruhusa ndiyo hatua ya kwanza ya kupanda.

Maji na mifereji

Mgeni akitazama vizuri kwenye miteremko ya Sekerr na Cherangani, karibu na Sigor, Tamkal na Lomut, ataona mstari wa kijani unaopita kwenye ubavu mkavu wa mlima. Huo ni mfereji. Maji yametolewa mtoni juu sana, yakaongozwa kwa mawe, matawi na udongo, yakazunguka miamba hadi kwenye shamba la mtama, mahindi au ndizi chini bondeni. Mifereji hii ni kazi ya vizazi vingi, iliyofanywa bila saruji na bila mhandisi mwenye karatasi. Waliopima mteremko walitumia macho, na maji yenyewe yakawaambia walipokosea.

Jambo kubwa zaidi kuliko mfereji ni makubaliano yanayouendesha. Mfereji hauwezi kuwa wa mtu mmoja. Ukibomoka juu, wote walio chini wanakosa maji. Kwa hiyo kila nyumba inatoa mtu wa kazi siku ya kuurekebisha, na kila shamba lina zamu yake. Anayechukua maji nje ya zamu huitwa mbele ya wazee. Hakuna mita wala bili. Kuna aibu ya kuonekana mwizi wa maji mbele ya majirani, na aibu hiyo imelinda mifereji kuliko kufuli.

Karibu na Sigor kuna mradi wa umwagiliaji wa Wei Wei, ulioanza mwaka 1987 chini ya Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Kerio kwa ushirikiano na Italia. Maji hushuka kutoka mlimani kwa nguvu ya mteremko, yakanyunyiza mashamba bila pampu. Wakulima huko wamezalisha mbegu za mahindi ambazo hupandwa mbali na kaunti hii. Mabomba ni mapya, lakini wazo ni lile la wazee: mlima ndio tangi, na mteremko ndio pampu. Mgeni anayezuru mahali hapo pamoja na mifereji ya zamani atajifunza katika siku moja kile ambacho kitabu kingemchukulia wiki.

Usiku wa Novemba 2019

Haiwezekani kuzungumza juu ya uzuri wa milima hii bila kutaja siku iliyoua. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, mvua kubwa ilinyesha bila kukoma. Miteremko ililegea. Katika Nyarkulian, Parua, Tamkal na Muino, udongo na mawe vilishuka gizani juu ya nyumba za watu waliolala. Zaidi ya watu 40 walikufa, wakiwemo watoto. Madaraja yalisombwa, barabara ikakatika, na waokoaji wakashindwa kufika kwa magari. Malori ya mafuta na ya mizigo nayo yalikwama. Mlima mmoja ulipoteleza, nchi nzima iliona kwamba mlango wa kaskazini umefungwa.

Mvua ile ilikuwa kubwa kupita kiasi, na hakuna mtu anayeweza kuizuia mvua. Hata hivyo, mteremko wenye miti hushika udongo wake kuliko mteremko uliofyekwa, na nyumba iliyo mbali na korongo iko salama kuliko iliyojengwa mdomoni mwake. Cherangani ni mojawapo ya minara mitano mikuu ya maji ya Kenya, pamoja na Mau, Mlima Kenya, Aberdare na Elgon. Mto Muruny na Mto Wei Wei hutoka huko, na maji yake huenda upande wa Turkwel. Msitu ukiisha juu, mfereji unakauka wakati wa kiangazi na kubomoka wakati wa masika. Mkulima anapata hasara mara mbili.

Kwa sababu hiyo, mgeni anayelipa ili atembee msituni ana faida moja kubwa kuliko fedha zake. Anampa kijana wa kijijini sababu ya kuuacha mti umesimama. Gunia la makaa huuzwa mara moja. Njia ya msituni inaweza kuuzwa kila Jumamosi, na mjukuu akaiuza tena.

Chakula cha pitoni

Msafiri mwenye njaa akipita Marich hununua soda na biskuti zilizotoka Nairobi. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu yuko katikati ya nchi yenye chakula chake.

Kuna maembe ya Sigor na Lomut. Msimu ukifika, hujaa hadi mengine yakaoza chini ya mti kwa kukosa mnunuzi, huku malori matupu yanayorudi Kitale yakipita hatua chache tu kutoka hapo. Kuna asali inayotoka kwenye mizinga ya magogo iliyotundikwa juu ya migunga. Ina rangi nzito na harufu ya moshi, na kila mwenye mzinga hukuapia kwamba ya kwake ndiyo bora. Kuna nyama ya mbuzi waliolishwa majani ya nyika.

Na kuna maziwa ya majivu. Maziwa haya ni urithi mkubwa wa jikoni la Wapokot. Kibuyu husafishwa na kukaushwa vizuri. Maziwa hutiwa ndani yakaganda polepole kwa siku kadhaa, huku maji yake yakitolewa na maziwa mengine yakiongezwa. Mti uitwao cromwo huchomwa, majivu yake yakatwangwa na kuchanganywa na maziwa hayo. Hapo hupata rangi ya kijivu na ladha ambayo mgeni huikunjia uso mara ya kwanza na kuiomba mara ya pili. Majivu huyasaidia maziwa yasiharibike upesi. Mchungaji aliyekwenda mbali na ng'ombe wasio na maziwa aliweza kuishi kwa kibuyu hicho. Shirika la Slow Food limeyaweka maziwa haya katika orodha ya vyakula vya asili linavyovisaidia, na watu wa Ulaya wamesafiri kuja kuyaonja. Itakuwa ajabu ikiwa mtoto wa Makutano atayajua kwa kusimuliwa na mtu wa Italia.

Akina mama wa vikundi wanaweza kuanzia hapo: kibuyu safi, kivuli, viti vinne, na bei iliyoandikwa wazi. Afisa wa afya wa wadi ndiye wa kuwaeleza masharti ya usafi na cheti. Soda itabaki kuuzwa, lakini isiwe peke yake mezani.

Kokwo, tilya na lapay

Mgeni huuliza: mila za huku ni zipi? Wengi humjibu kwa ngoma na shanga. Ni kweli, adongo ni ngoma ya kupendeza, vijana wanaporuka juu kwa miguu iliyonyooka huku wasichana wakiitikia. Shanga za akina mama, zilizopangwa kwa miduara mipana kuzunguka shingo, humwambia anayejua kusoma kama mvaaji ni msichana au mke wa mtu. Lakini mila yenye uzito zaidi haivaliwi shingoni. Ni namna watu wanavyokaa pamoja.

Kokwo ni baraza la wazee chini ya mti. Watu hukaa nusu duara, na mwenye neno husimama akasema hadi amalize. Hakuna kupiga kura. Huzungumzwa mpaka watu wakubaliane, hata kama jua litatua na kesho warudi. Maji, malisho, ndoa, mikopo ya mifugo na ugomvi vyote hupita hapo.

Tilya ni urafiki wa mifugo. Mtu humpa mwenzake ng'ombe, na mwenzake humpa mnyama mwingine. Ndama wanaozaliwa huendeleza deni na urafiki kwa miaka mingi, na pengine hadi kwa watoto wao. Mwenye ng'ombe wote katika boma moja hupoteza wote ukame au wezi wakifika. Mwenye marafiki wa tilya katika mabonde matano ana ng'ombe katika mabonde matano. Wazee walikuwa na bima kabla ya kampuni za bima, na karatasi yake ilikuwa ni uso wa rafiki.

Lapay ni fidia ya damu. Mtu akiua, ukoo wake wote hulipa mifugo kwa ukoo wa marehemu. Kwa kuwa wote watalipa, wote wana sababu ya kumwonya kijana wao mapema. Leo mauaji ni kosa la jinai na hupelekwa mahakamani. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 159, inatambua njia za kimila za kusuluhisha ugomvi, ila zisivunje haki za binadamu wala sheria. Mzee na hakimu si maadui. Kila mmoja ana kazi yake.

Katika sapana, kijana huingizwa katika utu uzima kwa kumchoma dume kwa mkuki, akapakwa yaliyomo tumboni mwa mnyama huyo, akala pamoja na wazee na kupewa nafasi ya kusema mbele ya watu. Zamani ndipo alipostahili pia siliop, kile kilemba cha udongo kilichosukwa na nywele na kupakwa rangi. Familia zinazofanya sapana leo zina haki ya kuamua nani aone. Sherehe hii si maonyesho ya kulipia mlangoni. Mgeni akialikwa, aje kama mwalikwa. Asipoalikwa, aheshimu.

Na ipo mila ya kuacha. Ukeketaji wa wasichana umepigwa marufuku na sheria ya mwaka 2011. Umewatia wasichana majeraha na kuwatoa shuleni, na wengine wamepoteza maisha. Anayesema kwamba utamaduni ni kitu kimoja kisichogawanyika, na awatazame wazee wa mfereji. Wao wenyewe, kila mwaka, huondoa jiwe lililoziba maji na kuacha lile linaloshika ukingo.

Kwa mgeni anayekuja

Safari nzuri ya Marich huchukua siku mbili. Siku ya kwanza ianzie katika Makumbusho ya Kapenguria, mahali walipozuiliwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko wakati wa kesi yao ya mwaka 1952 na 1953. Kisha mteremko wa Kamatira, soko la mifugo la Chepareria ikiwa ni siku yake, na kufika Marich kabla ya jua kuzama, wakati miamba ya Sekerr inapogeuka nyekundu. Pembeni mwa mto kuna kituo cha masomo ya nyanjani ambacho kimepokea wanafunzi na watalii kwa miaka mingi. Siku ya pili ni ya Sigor, Wei Wei na mifereji, au ya kupanda Sekerr. Mwenye muda zaidi anaweza kuuliza kuhusu Hifadhi ya Nasolot, yenye tembo, na bwawa la Turkwel, lenye ukuta wa mita 153 uliokamilika mwaka 1991 kati ya kuta mbili za mwamba.

Yafuatayo yazingatiwe:

Kwanza, usalama. Mwezi Februari 2023, serikali ya taifa ilitangaza sehemu za kaunti kadhaa za Bonde la Ufa, ikiwemo Pokot Magharibi, kuwa zenye vurugu na hatari kwa sababu ya wizi wa mifugo wa kutumia silaha, na ikapeleka wanajeshi kusaidia polisi. Hali hubadilika, na kulificha jambo hili hakumsaidii mtu. Kabla ya kupita Marich kuelekea Kainuk, Turkwel au Nasolot, msafiri aulize katika kituo cha polisi au ofisi ya chifu, asafiri mchana, na afuate anachoambiwa.

Pili, mito. Korongo kavu linaweza kujaa maji ya ghafla hata kama hapo ulipo hakuna tone la mvua, kwa sababu imenyesha Cherangani. Usilale kwenye mchanga wa mto, na usivuke kwa gari maji usiyojua kina chake. Miezi ya Desemba hadi Februari kwa kawaida ndiyo mikavu.

Tatu, afya. Nyanda za chini zina malaria, hivyo chandarua ni lazima. Pia kuna kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na usubi ambao hupenda kukaa kwenye vichuguu na nyufa. Usiketi wala kulala juu ya kichuguu jioni. Homa isiyoisha na tumbo kuvimba upande wa kushoto ni dalili za kupelekwa hospitalini mara moja. Hospitali ya Kacheliba imekuwa ikitibu ugonjwa huu.

Nne, adabu. Salimia kabla ya kuuliza. Omba kabla ya kupiga picha, hasa akina mama, wazee na watoto. Ukiambiwa hapana, hapana inatosha. Ukiulizwa habari nawe ukajibu "karam", yaani nzuri, utaona nyuso zikifunguka. Taka ulizokuja nazo, rudi nazo.

Kwa mwenyeji anayepokea

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hatapona kwa kukaa tu akimngoja.

Vijana wanaoongoza wageni wajisajili kama kikundi na wawe na bei moja. Mgeni akidaiwa shilingi 500 na mmoja na 3,000 na mwingine kwa njia ileile, atawaambia wenzake wasije. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, utalii wa ndani ni kazi ya serikali ya kaunti, na barabara kuu ya taifa ni ya serikali ya taifa. Kwa hiyo maombi ya choo cha umma, bango au kivuli cha wauzaji yaletwe kwa msimamizi wa wadi na katika vikao vya wananchi vya bajeti. Kikundi kilichokuja na orodha husikika kuliko mtu mmoja aliyekuja na lawama.

Wanaoosha dhahabu kwenye mchanga wa Muruny na Wei Wei, wengi wao akina mama wenye karai na subira, ni sehemu ya maisha ya pito hili. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inawatambua wachimbaji wadogo wanaopata kibali. Kibali humlinda mchimbaji asifukuzwe na mwenye mashine. Mashimo yafukiwe na kingo za mto ziachwe, kwa kuwa mto uliotobolewa leo hubomoa shamba mwakani. Zebaki isiguswe, kwa kuwa maji hayo ndiyo wanayokunywa ng'ombe na watoto.

Na kuhusu ardhi, sikilizeni vizuri. Mahali panapoanza kupendwa na wageni hupendwa pia na wanunuzi. Sehemu kubwa ya ardhi katika nyanda hizi ni ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaruhusu jamii kuisajili kwa jina lake, na uamuzi wa kuitoa unahitaji kauli ya wanajamii wengi. Hautoshi mkono wa mtu mmoja aliyeahidiwa pikipiki. Jamii ambayo haijasajili ifanye hivyo sasa, kabla ya hoteli kuja, ili hoteli ikija ikute mwenyewe nyumbani.

Mwisho, walimu na wazazi. Kuna watoto wa Makutano ambao wamepelekwa kuona simba Nakuru lakini hawajawahi kuona mfereji wa Tamkal. Safari ya shule kwenda Marich ni ya karibu. Mzee mmoja aliyealikwa kuwaeleza watoto jinsi maji yanavyogawanywa kwa zamu atakuwa amefundisha jiografia, uraia na hesabu kwa saa moja. Mzee huyo alipwe kama mwalimu mgeni. Asipewe soda tu na kushukuriwa.

Milima ya Sekerr na Cherangani iliacha pengo, na watu wakapata njia. Malori yataendelea kupita. Kazi iliyo mbele ya wakazi ni kuhakikisha kwamba anayepita ana sababu ya kusimama, na kwamba akisimama atakuta mteremko wenye miti, mto safi, kibuyu cha maziwa kivulini na kijana anayejua kueleza mlima ule unaitwaje na kwa nini wazee huuelekea wanapoomba.

Sasa ni nafasi ya maswali, na kama ilivyo desturi ya kokwo, kila mwenye neno aseme hadi amalize.